Sevisi niliyolipia Dar na gololi zilizokutwa Korogwe

Mwenzangu alisema tusamehe, yakaisha. Kwangu hayajaisha. Kila nikipita mbele ya duka lile la baiskeli napandwa na hasira upya, kwa hiyo nayasema.

Kabla masika hayajaanza, mimi na rafiki yangu tulipanga kwenda Lushoto kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam, kupitia Chalinze na Segera. Wanawake wawili, mizigo kwenye keria, barabara moja na mabasi ya Arusha. Safari ya namna hiyo huianzi na baiskeli ya kubahatisha, tukazipeleka kwenye duka kubwa lenye mafundi wa ovaroli na risiti za kuchapwa. Kwenye risiti yangu waliandika: gololi mpya (zile za chuma ndani ya gurudumu) na grisi, mbele na nyuma, breki, gia. Nikalipa bila kuomba hata punguzo. Breki walizifunga vizuri, hilo siwanyimi.

Siku iliyotutesa ni ile ya kutoka Segera. Tulidamka gizani ili tuuwahi mlima, maana kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33 za kona na mwinuko. Unaanzia kwenye joto la bondeni, unaishia kwenye mita 1,400 hivi, na barabara yenyewe ni nyembamba. Huwezi kuipanda usiku. Basi hata Korogwe hatujafika, gurudumu langu la nyuma likaanza kukwaruza, kisha likawa linacheza kushoto na kulia hadi tairi linagusa fremu. Nikashuka. Tukakokota baiskeli juani, kila lori likipita linatusukumia vumbi na upepo wa moto, mwenzangu kajifunga begi langu juu ya lake.

Korogwe tukaelekezwa kwa mzee mmoja aliyetandika vifaa vyake chini ya mwembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, wanangu. Na jua hili mnatoka wapi?"

Akalizungusha gurudumu kwa mkono, sikio karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu. Akauliza ilifunguliwa lini. Nikamwambia juzijuzi tu, tena kwa mafundi wakubwa. Hakujibu. Akalegeza nati, akavuta ekseli, akainamisha habu juu ya kifuniko cha ndoo. Grisi ilikuwa imekauka, imegeuka kama ugoro. Upande wa kulia zikatoka gololi tisa, zote zina kutu. Upande wa kushoto saba, nao pia ulipaswa kuwa na tisa, na moja kati ya hizo saba imepasuka vipande viwili. Koni, kile chuma ambacho gololi huzungukia, ilikuwa imeliwa, ukipitisha kucha inakwama kwenye mashimo.

"Mwanangu," akasema, "humu hajaingia mtu siku nyingi."

Nikapiga simu dukani palepale. Akapokea kaka mmoja, hata salamu hakuimalizia. "Dada, nyie mmebeba mizigo kupita kiasi. Ileteni tuiangalie." Nikamwambia niko Korogwe, karibu kilomita 300 kutoka kwake. "Basi mkirudi." Akakata.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Tairi bovu hata mtoto analiona. Gololi ziko ndani, umezifunika, mteja anakulipa kwa kukuamini tu, na wewe unaandika "mpya" kwenye karatasi bila kugusa hata spana! Na kama gurudumu lile lingenivumilia hadi juu, nikaja kuteremka nalo kwenye kona za Soni, korongo upande mmoja na basi la abiria nyuma yangu, ingekuwaje?

Mzee akatafuta koni kwenye habu ya baiskeli nyingine iliyokufa, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akapanga gololi mpya za robo inchi moja moja huku akituhesabia kwa sauti. Alichodai hakikufika hata robo ya kile nilicholipa Dar. Baada ya hapo gurudumu halikutoa mlio tena.

Lakini siku ilikuwa imekwenda. Tulipita mashamba ya mkonge, milima ya Usambara mkono wa kulia, tukaingia Mombo jua linazama. Likizo ya mwenzangu ilikuwa inaisha. Siku aliyoitenga kwa ajili ya mlima ndiyo iliyoliwa chini ya mwembe, na asubuhi ilibidi apakie baiskeli kwenye basi arudi kazini. Mlima alikuwa anauona palepale stendi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema breki na gia wapelekeeni, habu msiwape. Nimeghairi. Msiwapelekee kitu, hata breki. Mwenye safari ndefu akae kwenye benchi, fundi afungue habu mbele ya macho yake, gololi zihesabiwe. Hela yangu ya gololi bado naidai. Wiki hii naenda tena na risiti yangu, na safari hii naongozana na mwenzangu.