Bikari ya bati ya mkebe wa hisabati: inashika nusu kipenyo?

Kwa duara ndogo, inatosha. Fungua miguu, weka sindano kwenye alama ya sentimita 1 ya rula (ncha ya sifuri mara nyingi imelika), penseli kwenye 6: hapo una nusu kipenyo cha sentimita 5 na mzingo wa takriban 31.4.

Shida ni kiungo cha juu. Kikiwa cha ribiti (pini iliyogongwa, isiyo na skrubu), kikilegea hakikazwi tena. Miguu hutanuka ukizungusha na duara halifungi. Kosa la milimita 1 tu kwenye nusu kipenyo huongeza kipenyo kwa 2 na mzingo kwa zaidi ya 6. Chagua yenye skrubu.

Ijaribu dukani: chora duara, kisha kwa upana uleule piga hatua kwenye mzingo. Ya sita irudi palepale ulipoanzia. Isiporudi, iache.

Penseli iwe fupi, iliyochongwa vizuri, ncha yake sawa na ya sindano. Tandika kadibodi chini ya karatasi, la sivyo sindano huteleza. Kwa nusu kipenyo kikubwa miguu hulala mno. Afadhali uzi na msumari.