Uzoefu wangu: kamusi ya mtumba ya elfu nane na maneno marefu ya Kiingereza

Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, na maneno marefu ya kizungu yalikuwa yananitesa jamani. Mgeni akiongea namwelewa vizuri tu, shida ni mimi kujibu, nikifika kwenye refrigerator ulimi unagoma, mgeni anauliza tena na tena mpaka naenda kumwonyesha friji lenyewe kwa kidole. Siku moja nikapita kwa wauza vitabu vya mtumba nikachukua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, elfu nane, jalada limechanika ila kurasa zote zipo.

Kilichonivuta ni vile inavyokata maneno kwa nukta, silabi kwa silabi, halafu pembeni kuna matamshi na kijistari cha mkazo. Wiki ya kwanza nilikuwa nakisoma vibaya, nilidhani kijistari kinakuja baada ya silabi inayokaziwa kumbe kinatangulia, so nilikuwa nasema RE-frigerator kwa kujiamini kabisa wakati ni re-FRI-ge-ra-tor 😂

Nilipokishtukia ndo utamu ukaanza. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili toka mwisho, ki-TA-bu, so-ME-ka, basi. Na maneno yao yanayoishia na -tion yanafuata hivyohivyo: re-ser-VA-tion, ac-com-mo-DA-tion, kwa hiyo hayo nilikuwa napatia bila kujua. Balaa ni mengine, ukisema e-LEC-tric uko sawa, ongeza -ity tu mkazo unaruka, e-lec-TRI-ci-ty, au PHO-to-graph ikiwa pho-TO-gra-phy. Na hotel yenyewe, sehemu ninayofanyia kazi miaka yote hii nilikuwa nasema HO-tel, kumbe ni ho-TEL!

Viambishi navyo vinasaidia sana, kamusi inaeleza un-, re-, -able kila kimoja peke yake. Hiyo -able ni kama -ika au -eka yetu, soma someka, na un- inakanusha, so unreadable ni isiyosomeka, umemaliza, huna haja ya kukariri neno zima.

Malalamiko sasa. Zile nukta usiziamini sana, kazi yake hasa ni kuonyesha pa kukatia neno mstari ukiisha, sio lazima ndivyo linavyotamkwa. Comfortable kwa nukta ina vipande vinne, ila wenyewe wengi wanasema vitatu, KAMF-ta-bo hivi. Matamshi yaliyoandikwa pembeni ndo ya kufuata, na hayo nayo yana alama za ajabuajabu ambazo lazima urudi kurasa za mwanzo kuzisoma, herufi zenyewe kama mchanga, na sauti ndo hivyo hamna, ni karatasi.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Wenzangu wa shifti ya usiku siku hizi wanaiazima, juzi nimeikuta na doa la chai kwenye herufi R na hakuna anayekiri.