Kadinali wa Banggai: chaguo letu kwa anayeanza kuzalisha samaki wa maji chumvi

Wanunuzi wengi huvutwa na rangi. Anayetaka kuzalisha aulize kwanza kifaranga ana mdomo mkubwa kiasi gani siku anayoanza kula, maana chakula kisipoingia mdomoni, atakufa njaa huku kimemzunguka. Kwa kipimo hicho, kadinali (Pterapogon kauderni) ndiye mwepesi kuliko wote.

Dume hufuga mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki tatu hadi nne. Utamjua kwa kidevu kilichovimba na kususa chakula. Vifaranga wakitemwa wana umbo la wazazi wao tayari, na siku hiyohiyo wanakula artemia wachanga (vijikamba vya maji chumvi vinavyoanguliwa nyumbani). Huhitaji rotifa (vijidudu vya majini vidogo mno) wala maji ya mwani.

Ila artemia watupu hawatoshi kwa muda mrefu. Kabla ya kuwatoa kwa vifaranga, walishe artemia hao mafuta ya omega-3, na usiwahi: artemia hawaanzi kula mpaka saa 8 hadi 12 baada ya kuanguliwa, kwa hiyo mafuta ya mapema yatachafua maji tu. Vifaranga waliokosa mafuta hayo, taa ikiwashwa ghafla, hupinduka wakafa papo hapo.

Kasoro zipo. Uzao mmoja ni vifaranga makumi machache tu, na kumtambua jike kwa macho ni kubahatisha. Chukua wadogo watano au sita; wawili wakijitenga kona moja, hamisha waliobaki mara moja, la sivyo watapigwa mpaka mapezi yachanike. Dai waliozaliwa tangini. Wanaovuliwa baharini mara nyingi huja na virusi visivyo na dawa, na huko kwao Indonesia wamepungua vibaya.

Samaki klauni (Amphiprion ocellaris) anasifiwa mno. Jozi ni rahisi kweli: weka wadogo wawili wasiolingana, mkubwa atakuwa jike. Mayai ni mamia, huanguliwa usiku baada ya siku 7 hadi 10. Kazi inaanza hapo: rotifa wapatao 10 kwa kila mililita, kutwa, kwa wiki nzima. Mkorogo wa rotifa ukifa, uzao wote umekwenda, kwa hiyo fuga ndoo mbili.

Samaki wanaoachia mayai yanayoelea, waruke. Mmoja wao, zebrasoma wa njano, pamoja na umaarufu wake, alikuzwa tangini kwa mara ya kwanza mwaka 2015 huko Hawaii, tena na watafiti, kwa sababu mabuu wake wanataka kopepodi (vijidudu vya baharini) wachanga kabisa.