Kalamu ya kusafishia faiba: bora kwa LC, ila si kwa kila uchafu

Begi langu la kazi lina mashine ya kuungia faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga) iliyonigharimu pesa nyingi, lakini kifaa ninachokishika kila siku ni kalamu hii ya plastiki. Yangu ni ya milimita 1.25, kwa konekta za LC, vile vichwa vidogo vya mwisho wa kebo. Wenye SC, zile kubwa zaidi, wachukue ya 2.5, maana haziingiliani.

Unaichomeka kwenye tundu la paneli ya kuunganishia kebo, unasukuma, inalia "klik". Ncha inazunguka huku uzi msafi ukisogea na kufuta uso wa konekta iliyo upande wa pili. Kwenye paneli iliyosheheni LC, ambako hata kidole hakipenyi, sijaona cha kuishinda. Kuanza kuchomoa kebo za nyuma moja moja ni kujitafutia balaa. Kifuniko chake nacho kina tundu, kwa hiyo hata kebo iliyo mkononi unaisafishia humo humo. Sukuma ikiwa imenyooka tu; ukiilaza kidogo, ncha inaparuza pembeni.

Vumbi kavu linatoka kwa msukumo mmoja au miwili. Usiniamini mimi, iamini hadubini: kiini cha faiba ya singomodi (ile yenye njia moja nyembamba ya mwanga) kina upana wa mikroni 9 hivi, yaani elfu tisa za milimita, na punje usiyoiona kwa macho inatosha kuziba njia. Wengi hukimbilia kulaumu moduli ya 100G (kifaa kinachotuma na kupokea mwanga huo), wakanunua nyingine, na makosa yakaendelea kuhesabika kwenye swichi ya mtandao kama kawaida. Ila kama hadubini yako ni ya kuchungulia kwa jicho, zima moduli kwanza. Mwanga wa nanomita 1310 huuoni, lakini jicho linaumia.

Mafuta ya vidole ndiyo yanaishinda. Ukisukuma kikavu inayasambaza tu, na kwenye skrini unaona duara la ukungu. Hapo natumia kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye alkoholi ya aisopropili kidogo, ndipo nakausha kwa kalamu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uzi ukiisha, hii yangu inaendelea kulia "klik" vilevile, wala haina kidirisha cha kuonyesha uliobaki. Boksi linasema misukumo zaidi ya 500, sasa nani anahesabu akiwa amejipinda nyuma ya raki? Siku hizi natembea na ya akiba. Na MPO, konekta yenye faiba nyingi kwa pamoja, ina kalamu yake. Hii usiipeleke huko kabisa.