TAHADHARI: Picha ya mama na pikipiki kwenye maji imerudi tena, msitume hela

Ndugu zangu habari zenu, naandika hii haraka kwa sababu jana usiku nimeliona tena lile tangazo la kuchangisha hela za waathirika, safari hii kwenye grupu la wazazi la shule ya mwanangu. Picha ile ile, maneno yale yale, wamefuta tu "Hanang" wakaweka "waathirika wa mafuriko" na namba ya simu mpya. Naomba msitume hata mia. Mimi walishanipiga nayo na sio mimi peke yangu.

Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, jumapili asubuhi, Mlima Hanang ulivyoshusha matope yakaingia Katesh mjini na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafa. Shemeji yangu anafundisha kule na siku mbili nzima simu yake ilikuwa haipatikani, hapa nyumbani hakuna aliyelala. Sasa jumanne ikaingia meseji WhatsApp, mama kabeba mtoto mgongoni kasimama kwenye maji ya magotini, pembeni pikipiki imezama nusu, chini wameandika wanakusanya mablanketi, maziwa ya watoto na sanda, tuma ulichonacho kwa mratibu, tafadhali usipige simu tuko eneo la tukio. Hilo neno sanda ndo lilinimaliza. Nikatuma elfu hamsini palepale, na kibaya zaidi nikaipeleka kwenye grupu la ukoo nikaandika kwa mkono wangu "nimeshatuma, ni watu wa uhakika". Mama mkubwa anauza maandazi Buza, akatuma elfu kumi. Binamu zangu wawili nao wakatuma. Wote kwa neno langu mimi.

Shemeji alipopatikana, mzima namshukuru Mungu, nikamrushia ile picha nikijua atafarijika kuona watu wanachangia. Akaniuliza hapo ni wapi? Kule yalishuka matope mazito na mawe na magogo ya miti, hayo maji meupe ya kusimama mtu hayakuwepo. Akasema hebu vuta picha uangalie ile pikipiki. Nikaivuta. Kibao kinaanzia KM, namba ya Kenya, hapa kwetu pikipiki ni MC. Wenzetu Kenya walikuwa na mafuriko makubwa Novemba ile ya El Niño, kwahiyo huyo mama inawezekana kabisa ana shida za kweli za kwake na hajui kama sura yake inatumika kuibia watu.

Nikafungua meseji ya muamala. Jina la aliyepokea halifanani hata herufi na la huyo "mratibu" wao. Na hilo jina simu ilinionyesha kabla sijaweka namba ya siri, ikaniuliza kabisa unamtumia fulani, mimi machozi yananitoka nikabonyeza tu. Kupiga namba, imezimwa. Kupiga mtandao, hela ilishatolewa kwa wakala siku ile ile.

Sasa jamani mkitaka kutoa, na naomba mtoe kwa sababu watu wanapata shida kweli, cha kwanza lisomeni hilo jina kabla ya namba ya siri. Mchango wa taasisi unaingia kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la taasisi, ukiona jina la mtu binafsi acha, hata kama aliyekutumia ni rafiki yako wa damu, maana mimi mwenyewe ndo nilikuwa huyo rafiki. Akaunti za serikali hutangazwa na Ofisi ya Waziri Mkuu au mkoa wenyewe, kaangalie huko kwao, usiangalie kwenye skrinishoti. Msalaba Mwekundu wana ofisi mikoani, unaweza kwenda kwa miguu yako ukaandikiwa risiti. Kanisani au msikitini pia sawa kama wana wenzao kule wanaowajua kwa majina. Na anayekukataza kupiga simu, huyo muogopeni kuliko wote, mratibu wa kweli anataka kupigiwa.

Halafu msikimbizwe. Tapeli anataka utume dakika hiyo hiyo moyo ukiwa umekushika, lakini waathirika wana shida hata miezi sita baadae wakati sisi tumeshasahau. Pale Hanang kazi ya kuwajengea watu nyumba, zaidi ya 100, iliendelea mpaka mwaka uliofuata. Ukituma kesho baada ya kuuliza hujachelewa.

Binamu zangu nimewarudishia. Mama mkubwa kakataa kupokea, anasema sadaka hairudishwi, na mimi kila nikipita pale kwake asubuhi naiona ile elfu kumi.

Hiyo picha ikifika kwenye grupu lako mwambie admini aifute, na namba yao ipelekeni 15040 ambako zinaripotiwa namba za matapeli. Kama umeshatuma usione aibu kama mimi niliyekaa kimya siku nzima, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi uombe hela izuiwe, kila dakika ina maana kabla hawajafika kwa wakala.