Uzoefu wangu na shanti ya ampea 100 na moduli ya ADS1115

Kwa miezi minane sasa ninapima mkondo wa betri za sola ninazofunga hapa Bukavu, hasa Kadutu na Bagira, kwa kutumia shanti ya ampea 100 na milivolti 75 (kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana, ambacho hutoa milivolti 75 ampea 100 zinapopita ndani yake), moduli ya ADS1115 inayogeuza volti kuwa nambari, na Arduino Uno, kibao kidogo cha kuprogramu kinachopeleka vipimo kwenye kompyuta.

Zamani nilikuwa nikipima kwenye kipande cha kebo ya shaba ambacho ukinzani wake niliuhesabu mwenyewe. Njia hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote, kwa sababu ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya joto, na kebo iliyopata moto kwa digrii 20 tu hukosea kwa karibu asilimia 8. Shanti imetengenezwa kwa manganini, aloi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto, na hii yangu ina miliomu 0.75.

Shanti ina bolti mbili kubwa za kebo nene, na katikati yake skrubu mbili ndogo. Milivolti huchukuliwa kwenye skrubu ndogo peke yake. Mara ya kwanza nilifunga nyaya nyembamba kwenye bolti kubwa, na vipimo vikawa juu kuliko vya klampu, yaani mita inayobanwa juu ya kebo, kwa kuwa ukinzani wa maungio ulijumlishwa kwenye ule wa shanti. Nilipozihamisha kwenye skrubu ndogo, vilikubaliana.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa la kuweka shanti upande wa chanya wa betri za volti 24. ADS1115 haivumilii kwenye miguu yake volti inayozidi ile inayoilisha, ambayo kwangu ni 5, na moduli ya kwanza iliungua papo hapo. Sasa shanti hukaa upande wa hasi daima, kati ya betri na vifaa vyote.

Moduli yenyewe imeniridhisha sana. Ina biti 16 (biti zikiwa nyingi, masafa hugawanywa katika hatua ndogo zaidi), na katika masafa yake madogo kabisa ya volti 0.256 kila hatua ni mikrovolti 7.8, yaani takriban miliampea 10 kwa shanti hii. Niliwahi kuazima kifaa cha bei kubwa zaidi chenye biti 14, lakini masafa yake madogo yalikuwa volti 1, kwa hiyo hatua yake moja ilikuwa kama ampea 0.16, na mikondo midogo ya usiku ilipotea humo.

Mikondo hiyo midogo ndiyo iliyonipa jibu kwa mama mmoja mwenye friji la kuhifadhi sambaza (samaki wadogo), ambaye aliniuliza: «Fundi, jua liliwaka siku nzima, mbona betri inaisha kabla ya asubuhi?» Niliacha vifaa vikirekodi usiku kucha. Kila kompresa ilipozima, nilitarajia kuona sifuri, lakini kipimo kilibaki kwenye milivolti 1.2, yaani ampea 1.6: ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, kubwa mno iliyokuwa ikijilisha yenyewe. Kwa saa 12 hizo ni zaidi ya ampea-saa 19, karibu sehemu moja ya kumi ya betri yake ya ampea-saa 200.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa vipimo kurukaruka wakati kompresa inafanya kazi. Inveta ya hezi 50 huvuta mkondo kutoka kwenye betri kwa mawimbi ya hezi 100, na kipimo kimoja kimoja hushika kilele au bonde la wimbi bila mpangilio. Niliweka moduli kwenye kasi yake kubwa, vipimo 860 kwa sekunde, nikachukua wastani wa sekunde nzima, na nambari zikatulia.

Kwa nyumba zenye taa na televisheni tu nimeagiza shanti ya ampea 50 na milivolti 75, ambayo kwa moduli ileile itaonyesha hatua za miliampea 5.