Vijiti vimejaa, simu imekata: uzoefu wangu na laini ya dijitali

Nianze na kosa lao, sifa zitafuata kama zitabaki. Hizi laini za dijitali za mwanzo, za kadi ya SIM na vocha ya kukwangua, zilikuja na ugonjwa ambao analogi, mfumo wa simu za mkononi uliotangulia, haikuwa nao: zinakata bila kuaga. Daladala inatoka Ubungo kupanda kwenda Kimara, vijiti vya mtandao kwenye kioo vimejaa vyote, katikati ya neno sauti inageuka ya bati, "ha-ha-halo", kimya, kisha tii-tii-tii. Na kampuni yangu ilitoza kwa dakika nzima. Kila ukipiga upya, sekunde nne za "ulikuwa unasemaje?" zinaondoka na dakika yako.

Analogi iliaga. Ukianza kuuacha mnara, mchanga unaingia kwenye sauti, shaaa, unaongezeka taratibu, unapata nafasi ya kusema nitakupigia baadaye. Dijitali haina mchanga. Sauti yake inakatwa vipande vya milisekunde 20. Kipande kikifika kimeharibika, simu inarudia kilichotangulia (ndilo hilo bati), inafifisha, na uharibifu ukifululiza hadi milisekunde 320 hivi inanyamaza kabisa. Hali ikidumu sekunde kadhaa, maongezi yanakatwa.

Nikafika kaunta ya kampuni kulalamika. Jibu la mhudumu, bila hata kuinua macho: "Kaka, simu yako mbovu, nunua nyingine." Mbovu! Hakuuliza swali moja ambalo fundi yeyote wa Kariakoo angeanza nalo: simu inakata au inazima?

Ikizima yote, kioo giza, shuku betri. Simu ya dijitali hurusha mawimbi kwa mapigo, mara 217 kwa sekunde, ndiyo maana redio ya dereva hukoroma ti-ti-ti-trrr kabla simu haijaita. Ukiwa mbali na mnara, kila pigo linaweza kuvuta karibu ampea 2. Betri iliyochoka haihimili: inaonyesha chaji tele, ukipokea tu, giza. Kama ni miguu ya betri iliyolegea, kikaratasi kilichokunjwa mgongoni mwa betri kinatosha kuibana. Betri iliyovimba usihangaike nayo, tupa.

Lakini kioo kikibaki kinawaka na yaliyokatika ni maongezi tu, chomoa kadi, futa vile vibati vya dhahabu kwa kitambaa kikavu, itie kwenye simu ya mwenzako, pita njia ileile. Ikikata palepale, kosa ni la mtandao. Kisha tia laini ya kampuni nyingine kwenye simu yako. Ikipita salama, simu yako haina hatia. Kadi yangu ilikata palepale kwenye simu tatu. Mbovu zote tatu?

Hapa inabidi nijikosoe, maana kipimo hicho analogi isingekupa. Kwenye analogi namba iliandikwa ndani ya simu yenyewe, na kubadilisha simu ilikuwa safari ya kwenda kwa wakala akaipange upya. Tena namba hiyo, pamoja na namba ya utambulisho ya simu, zilipita hewani wazi. Mwenye skana, redio ya kunasa mawimbi, alizinasa, akazitia kwenye simu nyingine, bili ikaja kwako. Maongezi yenyewe pia aliyasikia. Kwenye kadi ya dijitali ufunguo wa siri hautoki: mtandao unatuma namba ya kubahatisha, kadi inakokotoa, inarudisha jibu, basi. Kwa hilo naitetea dijitali mbele ya yeyote.

Basi kwa nini inakata? Piga hesabu. Analogi ya TACS, mfumo mmojawapo wa zamani, ilimpa kila anayeongea kilohezi 25 za masafa. GSM, ndiyo hiyo dijitali ya kadi, inachukua 200, inawagawia watu 8. Ni 25 zilezile! Faida yake ni uvumilivu: inahimili zaidi kuingiliwa, kwa hiyo masafa yaleyale yanaweza kurudiwa kwenye minara iliyokaribiana. Kampuni bahili ikiyabana kupita kiasi, minara miwili inagombania sikio lako, hasa mahali pa juu panapoonwa na minara mingi. Vijiti vinapima nguvu ya mawimbi, usafi wake havijui. Halafu jioni wakizidiwa, wanawasha nusu kasi, watu 16 pale pa 8, na shangazi yako anaongea kama ana mafua.

Nyota? Teknolojia nne, kaunta sifuri. Hapana, teknolojia mbili, dakika zangu za Kimara hazijarudi. Ukienda kulalamika, peleka jina la kituo, saa, na useme kama vijiti vilikuwa vimejaa au vimeshuka wakati inakata. Vikishuka, huenda mnara uko mbali. Vikijaa, huenda masafa yanagongana. Wakikuambia ununue simu nyingine, nunua laini nyingine, ingawa enzi zile kuhama kulimaanisha kuiacha namba yako, nao walilijua hilo.